Tulikuwaga Sahani Moja

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, mliniaga vizuri. Mlinipa kanga, mkanipa saa ya ukutani, na mkurugenzi akasoma hotuba ambayo najua aliandikiwa, kwa sababu ilikuwa na jina langu la ubatizo ambalo yeye hajawahi kulitamka tangu aajiriwe. Kwake mimi ni Mama Majura tu, kama kwenu. Asanteni. Mlisema niandike machache ya kazini, ili atakayekalia kile kiti changu chenye mguu mfupi ajue amekalia nini. Haya. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache. Mishahara sitaiandika, ilikuwa midogo. Nitaandika kazi, na nitaandika wale wavulana wanne wa kwenye picha ya ukutani, maana kila mgeni anayeingia studio anawauliza, na kila mmoja wenu anamjibu uongo wake.

Mimi nilikuja redioni nikitokea Majita, binti wa mvuvi, nikiomba kazi ya kutangaza. Wakanisikiliza, wakaniambia nina sauti ya kufukuzia ndege kwenye mtama, labda nikae upande wa mitambo. Sikununa. Basi, nilinuna kidogo. Wakanipeleka kwa Mzee Bwire, fundi mkuu, ambaye pia alikuwa fundi mdogo na mfagiaji, kwa kuwa chumba kizima alikuwa peke yake. Alivaa sweta kwenye joto la Musoma mwaka mzima na alinuka risasi ya kuchomelea nyaya.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye chumba cha kurekodia, akafunga mlango, akaniacha. Nikakaa. Aliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikamwambia sijasikia kitu. Akafunga tena. Mara ya pili nikamwambia nimesikia mashine ya kusaga ya jirani, feni, na tumbo langu. Akacheka. "Sasa umeanza kazi. Kabla hujarekodi mtu, rekodi chumba. Acha mtambo utembee kabla hajasema, na uache utembee akishamaliza. Watu wanasema mambo yao ya kweli pembeni." Ndiyo maana mpaka leo mnanikuta nimewasha kinasa wakati mtangazaji bado anakohoa. Mlidhani ni uzee.

La pili alilonifundisha ni hili: ukisikia kasoro, tafuta waya. Usilaumu mtangazaji, usilaumu umeme, usilaumu shetani. Iko sehemu waya umelegea. Nililiamini neno hilo kuliko katekisimu, na kwa mashine halijawahi kuniangusha. Kwa watu ni habari nyingine.

Studio yetu ya hapa mtaa wa Mukendo ilipakana ukuta na mashine ya kusaga. Umeme ukiwepo, mashine inanguruma na huwezi kurekodi. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza na wewe pia huna kitu cha kurekodia. Mungu ana utani wake. Kwa hiyo muziki tulirekodi Jumapili baada ya misa, siku ambayo mwenye mashine alikuwa anapumzika. Ukutani tulibandika trei za mayai na magodoro mawili yaliyokwisha kazi ya ndoa. Mikrofoni nzuri ilikuwa moja. Mbele yake tulitanda soksi ya kike kwenye waya wa kutundikia nguo, ili herufi za P na B zisipasuke. Soksi hiyo alitoa dada wa uhasibu, na mpaka anastaafu alikuwa anatukumbusha kwamba kila wimbo uliotoka hapa umepita kwenye mguu wake.

Jumapili moja ndipo alipokuja Bruda Diklani na wavulana wake. Bruda alikuwa Mwairishi, anafundisha useremala kwenye chuo cha parokia. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama sinia na Kiswahili chake kilikuwa cha kurusharusha. Ndiye aliyesimama mbele ya waumini wote akaomba Mungu atukaange, akimaanisha atukinge, na watu wakaitikia amina. Sasa huyu Bruda alikuwa na mpwa wake huko kwao Ireland, mtoto wa dada yake, ambaye alikuwa anaimba kwenye kundi la vijana watano wa muziki wa pop. Alitumiwa kanda ya video, akaionyesha ukumbini siku ya sikukuu ya parokia. Vijana wale walikuwa wamevaa nyeupe kama wanangoja Komunyo ya kwanza. Wamekaa kwenye stuli ndefu, wanaimba kwa upole, huku wasichana wa kwao wanalia. Wakifika ubeti wa mwisho, sauti inapanda na wote wanasimama kwa pamoja.

Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja akauliza, "Bruda, kwa nini wanakaa?"

"Ili wapate kusimama," Bruda akamjibu.

Aliyeuliza aliitwa Masatu, kijana wa vijiji vya ufukweni, mwembamba, mwenye sauti ya juu iliyopita kwenye soksi bila kugusa kitu. Rafiki yake kipenzi alikuwa Wambura wa kule Mwitongo, Butiama, mtoto wa mkulima, mwenye besi nzito hata sindano ya mita ilikuwa inashtuka. Wawili waliobaki walikuwa Chacha na Deo, mtu na binamu yake, wa Kabasa pale Bunda. Hawa walikuwa wanaanza sentensi mmoja, anaimaliza mwingine. Wote wanne walikuwa wanafunzi wa useremala. Wakajichongea stuli wenyewe, nne, za mvule, ya Wambura ikiwa na mlio wa nyii kila akijitikisa. Wakajiita Furu Boyz. Wenyeji mnajua furu, samaki mdogo wa ziwa letu, mwenye miiba mingi na utamu mwingi, ambaye wageni wanamdharau. Niliwauliza kwa nini wasijiite Sangara. Deo akasema, "Sangara anamlaga furu, mama. Hatutaki kujiita jina la..." Chacha akamalizia, "...la adui."

Wimbo wao wa kwanza ulikuwa "Nishushe Mwigobero", habari za kijana anayemwomba mwenye mtumbwi amshushe ufukweni hapo, karibu na kwa mchumba wake kabla giza halijaingia. Kwa kuwa mikrofoni ilikuwa moja, sauti hatukuzichanganya kwa vidole. Tulizichanganya kwa miguu ya stuli. Wambura nilimsogeza nyuma mpaka akaegemea godoro, Masatu nikamweka mbele, mabinamu pembeni. Tukajaribu, nikatoka, nikasogeza stuli ya Deo upana wa kiganja, tukajaribu tena. Hicho mnachokisikia kwenye ule wimbo, kwamba wamekaa kama watu wanaoota moto mmoja, si mtambo. Ni kwamba walikuwa wamekaa hivyo kweli. Na mwishoni mtasikia miguu inaburuzika na nyii ya Wambura, pale wanaposimama. Niliiacha makusudi.

Jambo lingine niliacha. Wambura ni Mzanaki, na L na R kwake ni mapacha. Kwenye kiitikio anaimba "nakupenda kweri". Bruda aliniuliza kama turekebishe. Nikamwambia Bruda, wewe uliyetuombea tukaangwe, tulia.

Ule wimbo ulitembea jamani. Tuliupiga asubuhi, mchana tukapigiwa simu kutoka Bunda wanautaka tena. Kwenye harusi watu wakazuka na desturi ambayo hakuna aliyeifundisha: ubeti wa mwisho ukifika, turubai zima linasimama, na maharusi pia. Kabasa nilimwona bibi wa bwana harusi ananyanyuliwa kwapani na wajukuu wawili ili naye asipitwe. Butiama mzee mmoja alikataa katakata. "Mimi sisimamishwagi na watoto," akasema, akabaki amekaa na fimbo yake, akitingisha kichwa kwa mapigo sawasawa.

Mazoezi walifanyia kwa kina Wambura kule Mwitongo, kwa baba yake, Mzee Magesa. Mzee aliwapa kivuli cha ghala lake, na mama mwenye nyumba aliwapa ugali wa mtama na mhogo kwenye sahani moja kubwa ya bati, wanne wameizunguka. Niliwahi kula nao, nikaona namna walivyokuwa wanafanya. Masatu hapendi mkia wa samaki, basi anausukuma upande wa Wambura bila kuangalia, na Wambura anarudisha kipande cha mgongo bila kuangalia. Magari ya wageni yakipita kwenda kutazama makumbusho ya pale Mwitongo, Mzee Magesa anawapungia mkono na kuwaonyesha kidole wale wavulana. "Wanangu wanne," anasema, ingawa aliyemzaa pale ni mmoja. Masatu alifiwa na baba mapema, kwa hiyo neno hilo alilishika.

Wakati huo ndipo Bruda alipopata habari kwamba wale wa kwao wamevunjika. Mpwa wake alikuwa amerudi nyumbani, anafundisha watoto kuogelea. Tukamwuliza wamegombania nini. Akafikiri, akatafuta Kiswahili, akasema, "Hawakugombana. Waliacha kula pamoja." Tukacheka. Tulidhani Kiswahili kimemponyoka tena.

Kisha akaja promota kutoka Dar es Salaam. Simtaji jina. Alikuwa anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, mpaka akajigonga kwenye mlango wetu wa studio, na mimi nikaona ni dalili njema, kumbe si lolote. Akawachukua. Tuliwasindikiza stendi kama wanaenda masomoni. Mzee Magesa alikuja na jogoo, na yule jogoo akapanda basi.

Dar waliwapenda, nisiseme uongo. Walisikika nchi nzima. Lakini ukizisikiliza zile nyimbo za huko kwa sikio la fundi, utasikia vitu vinavyoondoka kimoja baada ya kingine. Kwanza ziliondoka stuli. Promota alisema kukaa ni kwa wazee. Halafu kila mmoja akapewa mikrofoni yake na chumba chake cha kioo, anarekodi peke yake, wenzake wako nje na simu. Halafu "kweri" ya Wambura ikafunikwa, Masatu akaiimba yeye juu yake. Sauti ya Masatu ikawa mbele kabisa, na wengine watatu wakawa wanasikika kama wapo chumba cha pili.

Masatu alikuwa ananipigia simu. "Shikamoo mama. Huku nimekatazwa kusema nakujaga na nalalaga. Wanasema ni Kiswahili cha bara, nikifungua mdomo wananizomea."

"Marahaba mwanangu. Sasa unasemaje?"

"Nasema kama wao. Ila nikiwa na Wambura tunafunga mlango, tunasema tunavyosemaga."

Nikacheka. Leo nisingecheka.

Sasa niwaambie habari yenyewe. Mzee Magesa alianguka shambani na hakuamka. Wambura, Chacha na Deo walipanda basi siku hiyohiyo. Masatu alikuwa na onyesho lililokwisha kutangazwa. Promota akamwambia piga kazi, kesho nakupandisha ndege, utafika kabla ya kuzika. Yeye akaamini. Kesho yake ndege haikuwepo, au ilikuwepo na hakukatiwa tiketi, sikupata kujua. Nilichojua ni kwamba siku ya mazishi, saa watu wanakusanyika Mwitongo, Masatu alikuwa amekalishwa kwenye studio ya redio moja ya Dar kwa mahojiano, na sisi tuliunganishwa nao moja kwa moja. Zamu ilikuwa yangu. Nilipanga kumaliza kipindi, nishike njia ya Butiama. Nikawasha kinasa kabla hawajaanza, kama kawaida, na nikamsikia Masatu anavuta kamasi. Alikuwa amelia.

Mtangazaji, kijana mchangamfu, akamwuliza, "Masatu, wenzako wako msibani, wewe uko hapa. Vipi tena?"

Na Masatu, aliyefundishwa miaka kuongea kama Dar, siku hiyo uchungu ulimrudisha nyumbani. Alisema, "Wale ni damu yangu. Sisi tulikuwaga ndugu. Tulikuwaga tunakula sahani moja. Yule mzee alikuwaga baba yetu wote."

"Mlikuwa?"

"Ndiyo, kaka. Tulikuwaga hivyo."

"Haya, wasikilizaji, mmemsikia kwa kinywa chake. Walikuwa!"

Nyinyi wa hapa hamhitaji maelezo, ila kama kuna mgeni anasoma, nimweleze. Huku kwetu mtu akisema tulikuwaga, hajafunga mlango. Anasema ndivyo mambo yetu yalivyo, ndivyo tumezoeana, tangu huko tulikotoka. Kule Pwani wakisikia "tulikuwa", wanasikia imekwisha. Mtangazaji yule hakuwa na ubaya, alisikia kwa sikio lake. Lakini kabla jua halijageuka ilikuwa imeenea kwenye simu za watu, imeandikwa kwa Kiswahili safi kisicho na ga hata moja: Masatu asema zamani walikuwa ndugu. Kule Mwitongo mtu mwenye simu aliisoma kwa sauti pembeni ya kaburi, udongo bado mbichi kwenye mikono ya Wambura.

Nilipofika jioni watu walikuwa wamekaa makundi-makundi, vichwa kwenye simu. Deo akanionyesha simu. Hasira zilinipanda hadi masikio yakapata moto. Nikasema moyoni, aa, hii ni kasoro, na mimi ni fundi, nitatafuta waya. Asubuhi nikarudi Musoma, nikachukua kinasa na spika ndogo, nikapanda tena Butiama. Wambura nikamkuta nyuma ya ghala, kule walikokuwa wanafanyia mazoezi. Nikamwambia, mwanangu, usisome maandishi ya watu, sikiliza mwenyewe. Nikampigia yote, kuanzia ile kamasi.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Iliposemwa "tulikuwaga", nilimwona anatikisa kichwa taratibu, mtu aliyeelewa. Nikashusha pumzi. Ilipokwisha nikamwambia, "Umesikia? Hakusema walivyoandika."

"Nimesikia mama. Neno harina kasoro. Hata mimi nasemaga hivyo."

"Sasa je?"

Akainua kichwa. "Jeneza turipanga kubeba sisi wanne. Kona nne. Yake niriiacha wazi. Watu wanakuja kuishika, nasema hapana, ina mwenyewe, yuko njiani. Padri anaangaria saa. Mwisho ikashikwa na dereva wa gari ririromreta baba kutoka hospitari. Mtu ambaye hata jina simjui, mama. Ndiye ariyemzika baba yangu na mimi."

Nilikuwa nimeshika kinasa changu, chenye sauti safi isiyo na mkwaruzo, nikajiona mjinga. Nilibeba neno lake Masatu kilomita zote zile, na kilichokuwa kinatakiwa pale ni bega lake. Mzee Bwire alishafariki wakati huo, vinginevyo ningekwenda kumwuliza unafanyaje kasoro ikiwepo na nyaya zote zikiwa nzima.

Masatu alikuja matanga yakiwa yameshaanuliwa. Alishuka Musoma na begi dogo, amekonda, akaniomba nimsindikize. Mama yake naye akaja. Njiani alikuwa anajisemesha maneno atakayomwambia Wambura, anayafuta, anayaanza upya. Mimi nilitamani wapigane. Nilitamani Wambura amkunje shati, amwite mbwa, mabinamu waamue, wote walie, yaishe. Watu wa Mara tunajua kugombana, na baada ya hapo tunajua kuchinja mbuzi wa kupatana.

Hakumkunja. Alimpokea vizuri mno. Alimpa mkono, akamwondolea begi, akamletea kiti chenye kitambaa cha kufuma, kile cha padri. Chakula kilipokuja, ile sahani ya bati ilikwenda kwa Wambura, Chacha na Deo, pale chini penye mkeka. Masatu akaletewa yake peke yake mezani, ya udongo yenye maua, imefunikwa. Alipofunua, alikuta sato mzuri kuliko wote, amekatwa mkia. Na pembeni, uma.

Chacha akatazama chini. Deo naye hakumalizia chochote, kwa sababu Chacha hakuanza.

Masatu akasema, "Wambura, mimi siku ile..."

"Kura kwanza, mgeni wetu. Chakura kinapoa."

Alikula. Alikula chote, kwa uma, kwa sababu kuacha kungekuwa matusi, na alishukuru, na mama mwenye nyumba akalia akaingia ndani. Hakuna aliyetaja mahojiano. Hakuna aliyetaja kundi. Tukasindikizwa mpaka barabarani kwa heshima zote. Kwenye gari Masatu aliegemea kioo, tulipofika karibu na mjini ndipo akaniambia, "Wamenipa uma, mama."

Hivyo ndivyo Furu Boyz walivyovunjika, kwa wote mnaowaambia wageni kwamba waligombania pesa, au msichana, au kwamba Masatu alijiona staa. Promota alijaribu na Masatu peke yake, wimbo mmoja, mnaujua, ukipigwa hakuna anayesimama. Bruda alirudi kwao, amezeeka. Chacha na Deo wana karakana Kabasa, wanatengeneza vitanda. Wambura analima na anaongoza kwaya Butiama. Masatu ana duka la spea za pikipiki Mwanza. Wanasalimiana. Mtoto wa mmoja akiumwa, wengine wanatuma salamu. Miaka yote hii nimejuta kitu kimoja: asubuhi ile nilipokimbilia Musoma kuchukua kinasa, ningekimbilia simu, nimwambie Masatu, mwanangu, tembea kwa miguu ikibidi, lakini njoo kabla udongo haujakauka. Kinasa kingesubiri, kwa sababu hata leo sauti ile ninayo na haijaharibika.

Sasa nije kwenye siku ya kuniaga, ambayo mlikuwepo lakini mlikuwa mnashughulikia keki. Niliwaalika wote wanne bila kuwaambia. Mwaona ujeuri wa bibi mtu mzima. Nilimwambia mpishi, pale chini ya mlingoti wetu wa matangazo weka mkeka, weka sahani moja kubwa ya bati, ugali na sato, na unawishe watu wanne. Nilishindwa kwa waya, nikasema nijaribu kwa sahani.

Wambura alifika, na Chacha na Deo, wakanawa, wakakaa. Masatu alichelewa kwa sababu ya basi. Alipoingia getini ana mvi, Wambura alimwona. Halafu, vijana wangu, Wambura alisogea. Alijivuta kwenye mkeka akaacha nafasi upande wake wa kulia, upande wa mkia, akasema kwa ile besi yake, "Masatu. Njoo ure."

Nikashika nguzo ya mlingoti.

Masatu alitabasamu. Hakuwa na kinyongo, nawaapia, lilikuwa tabasamu zuri. "Asante ndugu yangu. Kuleni tu. Mimi siku hizi nimezoea sahani yangu." Akaenda mezani, akajipakulia kidogo, akasimama pembeni anakula.

Wambura alibaki ameiacha ile nafasi. Hakusogea kuijaza mpaka chakula kikaisha.

Ndipo mmoja wenu, bila kujua lolote, akapiga "Nishushe Mwigobero". Ubeti wa mwisho ulipofika mlisimama uwanja mzima mkishangilia. Nao walisimama, wale wanne, kwa mazoea. Watatu mkekani mikono imejaa mchuzi, mmoja pembeni ameshika sahani. Kwenye spika ikasikika miguu ya stuli inaburuzika, na nyii ya Wambura. Nikamwona Masatu anageuka kuangalia ilikotoka.

Yule binti mtangazaji mpya, wa Bunda, akaja na mikrofoni mpaka mdomoni kwangu. "Mama Majura, wasikilizaji wanauliza, hawa wanne ni ndugu?"

Nikamwambia, "Walikuwaga, mwanangu."

Akatikisa kichwa, akaendelea na kipindi. Mtoto wa hapa, alielewa mara moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyebaki nimesimama pale, sijui nimelisema kwa maana ya huku au kwa maana ya kule.